Kidato cha Tano au Chuo? Tafakari juu ya Njia za Vijana Wetu Baada ya Kidato cha Nne

Kila mwaka kati ya Mei na Julai ofisi za parokia hupata wageni ambao hawakuja kwa ajili ya ndoa wala ubatizo. Ni wazazi wenye karatasi mkononi. Wengine wameletwa na mwenyekiti wa Jumuiya, wengine wamekuja wenyewe baada ya Misa ya asubuhi, na karatasi walizobeba zinafanana: maelekezo ya kujiunga na kidato cha tano, yenye jina la shule iliyo mkoa mwingine kabisa na orodha ndefu ya vitu vya kwenda navyo. Godoro, mashuka, ndoo, jembe, fagio, rimu ya karatasi, sare za rangi ambayo fundi wa mtaani hana kitambaa chake, na juu ya hayo nauli ya safari ya siku nzima. Ada haimo, kwa kuwa Serikali iliifuta kwa kidato cha tano na cha sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023, na kwa hilo tunashukuru. Lakini mama anayeuza mboga haanzi kuhesabu kwenye ada. Anaanza kwenye godoro.

Mmoja wa wazazi hao tulikaa naye muda mrefu. Binti yake amefaulu vizuri na amepangiwa tahasusi ya CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia. Mjomba wa binti, ambaye ndiye mwenye uwezo kidogo katika ukoo, yuko tayari kusaidia, lakini kwa sharti kwamba mtoto aende chuo cha afya, asome miaka mitatu, atoke na stashahada na kazi mkononi. Shule ya bweni ni ya Serikali, chuo ni cha kulipia. Mama akatuuliza, "Baba, nimpeleke wapi?" Tulichelewa kumjibu, na makala haya yametokana na kuchelewa huko.

Swali lake si la familia moja. Tangu Januari 2016, elimu ilipoanza kutolewa bila ada hadi kidato cha nne, idadi ya vijana wanaofika mwisho wa kidato hicho imeongezeka kuliko wazee wetu walivyoweza kufikiri. Zamani kidato cha tano kilikuwa mlango mwembamba. Kijana aliyeupita alijulikana kijiji kizima, na aliyetoka kidato cha sita alikuwa ameshika, kwa namna fulani, barua ya ajira ambayo haijaandikwa tarehe. Leo mlango umepanuka, jambo jema kabisa, ila sisi wazazi, walimu na mapadri tumeendelea kuutazama kwa macho ya wakati ule. Tunamshauri mtoto wa leo kwa ramani ya mwaka 1985.

Tuanze na mambo jinsi yalivyo, kwa sababu tumegundua kwamba wazazi wengi, hata wasomi, hawayajui. Ili kijana apangiwe kidato cha tano anahitaji alama za A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu yasiyo ya dini, na masomo hayo yawe yanaunda tahasusi. Akiisha kuingia, ana muda usiotimia miaka miwili: anaanza Julai na kufanya mtihani Mei ya mwaka wa pili. Ili kudahiliwa chuo kikuu anatakiwa, kwa uchache, afaulu masomo mawili ya tahasusi yake kwa jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hicho ni kiwango cha chini tu. Programu za udaktari, uhandisi au uuguzi hudai zaidi, tena hudai masomo maalumu. Kijana wa HGL mwenye daraja la kwanza hawezi kuingia uhandisi hata Askofu amwandikie barua.

Njia ya pili ni ya vyuo vya kati. Aliyemaliza kidato cha nne akiwa na ufaulu unaotakiwa huanza ngazi ya nne ya mfumo unaosimamiwa na NACTVET, akapanda ya tano, kisha ya sita, ambayo ndiyo stashahada. Kwa kawaida ni miaka mitatu. Akimaliza na GPA isiyopungua 3.0 anaweza kuomba shahada katika fani inayohusiana na aliyoisomea. Kwa hiyo si kweli, kama inavyosemwa kwenye vibaraza vyetu, kwamba aliyekwenda chuo cha kati amejifungia mlango wa chuo kikuu. Amechukua njia iliyo ndefu kwa mwaka mmoja na ushei, lakini ni njia yenye kituo katikati. Akiishiwa nauli hapo, anaposhuka ana cheti cha ufundi sanifu, cha uuguzi, cha mifugo au cha maabara. Mwenzake wa kidato cha sita akiishiwa nauli, anashuka porini. Cheti cha kidato cha sita peke yake hakimtambulishi kwa mwajiri kama fundi wala mtaalamu wa jambo lolote. Kinasema tu kwamba huyu anaweza kufundishwa zaidi.

Hatusemi hivyo kwa kukidharau kidato cha tano na cha sita. Sisi wenyewe tumelelewa huko, katika seminari ndogo, na tunajua maana yake. Ni miaka ambayo akili ya kijana hufunguka kwa namna ya pekee. Anaacha kukariri orodha na kuanza kuuliza sababu. Anakutana na hoja ndefu ya historia, na mlinganyo usiotatuliwa kwa dakika mbili, na kitabu kinachomkatalia hadi akisome mara tatu. Nchi isiyo na vijana waliopita katika tanuru hilo haiwezi kupata madaktari bingwa, mahakimu, watafiti, na, tuseme bila kuona haya, mapadri. Anayeona elimu hiyo ni anasa atazame nani anayemtibu akilazwa. Tunachokikataa ni mazoea ya kumpeleka kila mwenye akili huko bila kumuuliza anataka kufanya nini, na kuwaachia vyuo na karakana wale tu ambao matokeo yamewashinda.

Hapa inatupasa kukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita, tukihudumu parokia nyingine, alikuwepo mtumishi wa altare mwenye mikono ya ajabu. Jenereta ya parokia ikizima, aliitwa yeye kabla ya fundi. Kipaza sauti cha kwaya alikifungua akakirudisha, kikaimba. Alipomaliza kidato cha nne na alama nzuri, alitaka kwenda chuo cha ufundi kusomea umeme. Baba yake, katekista, alitujia kuomba shauri, nasi tulimwambia kwamba kijana mwenye akili kama hiyo asipotezwe kwenye spana, aende PCM, awe mhandisi. Alikwenda. Shule aliyopangiwa haikuwa na mwalimu wa kudumu wa Fizikia. Kidato cha sita alipata pointi pungufu, akarudi nyumbani, akakaa karibu miaka miwili akisaidia hapa na pale. Alipofikisha miaka 22 alijiunga na mafunzo ya ufundi stadi, akaanza darasa moja na watoto aliowazidi miaka mitano. Leo ni fundi umeme anayeheshimika. Hakutulaumu. Alipokuja kufunga nyaya kwenye nyumba ya mapadri alituuliza tu kama bado tunawashauri wazazi.

Tulimshauri vile kwa sababu tulikuwa tumerithi dharau ambayo hatukuijua kuwa ni dharau. Turudi nyuma kidogo tuone ilikotoka, maana haikutoka kwa wamisionari waliotuletea Injili. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 na kuwapokea watoto waliokombolewa utumwani, waliwafundisha katekisimu na kusoma, na papo hapo kilimo na kazi za mikono. Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906 walijenga kanisa, shule na karakana kwa pamoja, na hadi leo kuna nyumba nyingi za kusini ambazo milango yake ilichongwa na mafundi waliotoka mikononi mwao. Wasalesiani wa Don Bosco walipoingia nchini mwaka 1980 walikuja na ufundi kama sehemu ya karama yao. Kwa hiyo Kanisa katika nchi hii halikuwahi kufundisha kwamba kalamu ni takatifu na nyundo ni ya watu wa chini. Lingewezaje, wakati Mkombozi wake alijulikana Nazareti kwa kazi ya useremala, na Mtume Paulo alishona mahema huko Korintho ili asiwalemee watu?

Dharau iliingia kwa mlango mwingine. Elimu ya kikoloni ilihitaji makarani wachache, na makarani hao walilipwa, walivaa, na waliketi kivulini. Wazazi hawakuwa wajinga. Waliona nani anakula vizuri. Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, ambaye alifundisha katika shule ya Kanisa kule Pugu hadi alipojiuzulu mwaka 1955, aliuona ugonjwa huo mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea, ya Machi 1967, alitaka kila ngazi ya shule iwe kamili ndani yake, isiwe chumba cha kusubiria ngazi inayofuata. Ni hoja ambayo bado haijajibiwa. Tatizo lilikuwa katika utekelezaji, na hapa kila mmoja wetu aliyesoma miaka ya 1980 na 1990 ni shahidi. Mwanafunzi aliyechelewa alipewa jembe. Aliyepiga kelele darasani alipewa jembe. Aliyefanya vizuri mtihani alisamehewa jembe. Baada ya miaka saba ya somo hilo, nani atashangaa mtoto akiamini kwamba kazi ya mikono ni adhabu ya walioshindwa? Seminarini walau tulilima wote, mwenye daraja la kwanza na wa mwisho, na gombera naye alikuwa shambani.

Sasa Serikali imeamua kulirekebisha jambo hili kwa sera. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, pamoja na mitaala mipya, imeigawa sekondari katika mikondo miwili: wa jumla na wa amali. Mkondo wa amali ulianza Januari 2024 katika shule chache zilizoteuliwa, za Serikali na za binafsi, na kwa mpango huo mhitimu wa kidato cha nne atakuwa na elimu ya sekondari pamoja na ujuzi wa fani aliyoichagua, iwe ushonaji, uashi, umeme, kilimo, muziki au nyingine. Vijana wale wa kwanza watafanya mtihani wao mwishoni mwa mwaka 2027. Hapo ndipo tutakapojua sera hii imekuwa nini hasa.

Tunaiunga mkono, lakini si kwa macho yaliyofumbwa. Amali haifundishwi kwa chaki. Inahitaji karakana, mashine ya kuchomelea, vyerehani vinavyofanya kazi, umeme usiokatika kila saa nane mchana, na zaidi ya yote mwalimu ambaye mwenyewe amewahi kuishika kazi. Shule ikitangaza mkondo wa amali wakati ina msumeno mmoja kwa wanafunzi sitini, itawapa watoto aibu mbili badala ya moja: hawatakuwa wasomi wala mafundi. Hatari ya pili ni ya ndani ya mioyo yetu. Ikiwa mkuu wa shule atawapanga wanaofaulu mkondo wa jumla, na wanaoshindwa hesabu mkondo wa amali, basi tutakuwa tumelirudisha lile jembe la adhabu kwa jina jipya. Fundi umeme asiyejua hesabu ni hatari kwa nyumba yako, mpendwa msomaji.

Katika kidato cha tano nako kumekuwa na mabadiliko. Machi 2024 zilitangazwa tahasusi mpya 49 juu ya 16 zilizokuwepo, zikawa 65, na ndani yake zimo za biashara, lugha za kigeni, michezo, sanaa na elimu ya dini. Wazo ni zuri. Vipaji vya watoto wa Mungu havikuwahi kutoshea katika herufi tatu za PCM au HKL. Hata hivyo tahasusi kwenye karatasi na mwalimu darasani ni vitu viwili, na yule mtumishi wetu wa altare ni ushahidi hai. Kuhusu tahasusi zenye elimu ya dini tunawaomba wazazi wasizikimbilie kwa moyo wa ibada tu. Kijana aulize kwanza: masomo mengine mawili ni yapi, na yanafungua mlango upi chuoni? Kumpenda Mungu hakumwondolei mtu wajibu wa kusoma mwongozo wa udahili.

Hilo linatuleta kwenye jambo ambalo wasomaji wengine watapenda tulipitie kimya, nalo ni shule zetu wenyewe. Historia ni yenu mnaijua. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule nyingi za Kanisa zilitaifishwa, nasi tukabaki hasa na seminari. Miaka iliyofuata, na zaidi baada ya makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na Makanisa, majimbo na mashirika ya kitawa yalijenga upya, kwa sadaka zenu na kwa jasho la masista na mabruda. Matunda yake yanaonekana. Sasa, wapendwa, tujiulize yanaonekana kwa nani. Ada ya baadhi ya shule zetu imefika mahali ambapo mkulima wa mahindi hawezi kuilipa bila kuuza shamba. Tunajua gharama: mishahara, chakula, kodi na tozo za kila namna. Hakuna shule inayoendeshwa kwa Salamu Maria peke yake. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko lake Gravissimum Educationis la tarehe 28 Oktoba 1965, ulitaka shule za Kikatoliki ziwajali kwa namna ya pekee maskini wa mali, wasio na malezi ya familia, na hata walio mbali na imani. Tamko hilohilo lilizitaja shule za ufundi miongoni mwa zinazohitajika kwa wakati huu. Haikuwa tanbihi.

Kisha kuna ile homa ya nafasi ya kwanza. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, na wengi wetu tulinung'unika, kwa kuwa tulizoea kuwamo. Orodha imekwisha, mabango hayajaisha. Baadhi ya shule, tena zenye msalaba juu ya lango, zimekuwa zikiwapunguza njiani wanafunzi dhaifu ili hesabu ya mwisho ing'ae: mzazi huitwa, huambiwa kwa upole kwamba mtoto "atafaa zaidi mahali pengine". Mahali pengine ni wapi? Mchungaji aliyewaacha tisini na tisa akamfuata mmoja angepata shida kuajiriwa katika shule ya namna hiyo. Tunayasema haya tukiwa ndani ya nyumba, na tukijua kwamba wapo wakuu wa shule, masista hasa, wanaofanya kinyume chake kimyakimya na kulipia madeni ya watoto kutoka mifukoni mwao.

Baba Mtakatifu Leo XIV ametupatia neno linalofaa hapa. Oktoba 2025, katika kuadhimisha miaka 60 ya Tamko lile la Mtaguso, alitoa Barua ya Kitume juu ya ramani mpya za matumaini katika elimu, na siku chache baadaye, Novemba mosi, alimtangaza Mtakatifu John Henry Newman kuwa Mwalimu wa Kanisa. Katika barua hiyo anakumbusha kwamba mtu hawezi kupunguzwa awe orodha ya stadi wala hesabu inayotabirika. Ni sura, ni historia, ni wito. Tunaona maneno hayo yanawagusa wote wawili, mpenda PCM na mpenda amali. Anayesema mtoto asome ili apate daraja, na anayesema asome ufundi ili soko la ajira limchukue, wote wamemwanza mtoto kwenye mwisho mbaya. Mtakatifu Yohane Paulo II alikwisha kufundisha katika Laborem Exercens, mwaka 1981, kwamba thamani ya kazi inatoka kwanza kwa mtu anayeifanya, si kwa aina ya kazi. Na katika siku hizi za akili mnemba, ambapo baadhi ya kazi za mezani zinaanza kufanywa na mashine, huenda anayejua kupima, kukata na kuunganisha bomba akalala usingizi mzuri kuliko karani. Hatutabiri. Tunasema tu kwamba usalama wa kalamu si ule wa mwaka 1985.

Lipo kundi moja ambalo mipango yote hii hulisahau, nalo lipo katika kila parokia. Ni vijana waliomaliza kidato cha sita na hawakupata pointi, au walizipata na mkopo haukutosha, au wametoka JKT na wanasubiri kitu wasichokijua. Angalieni vyama vyetu vya vijana. Mwanafunzi ana TYCS. Kijana aliye kazini ana VIWAWA. Huyu wa katikati si mwanafunzi tena na bado hajajiona mfanyakazi. TYCS amemaliza, VIWAWA anaona haya. Jumapili anakaa nyuma, karibu na mlango, na baada ya baraka huwa ameshaondoka. Tumejaribu mwaka huu kuwaita kwa majina, wakaja kumi na wawili. Kati yao tisa hawakujua kwamba kwa matokeo yao wanaweza kuomba stashahada. Tangu mwaka 2023/2024 mikopo ya Serikali imewafikia baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na ada imeondolewa kwa wanaochaguliwa DIT, MUST na Chuo cha Ufundi Arusha; hayo pia yalikuwa mageni kwao. Vijana hao wana simu, wana akili, wana imani. Walichokosa ni mtu mzima wa kukaa nao saa moja.

Kwa hiyo tumeiomba Halmashauri ya Walei ya parokia ianzishe jambo dogo. Mara matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, mwishoni mwa Januari, walimu waamini, pamoja na muuguzi mmoja, fundi mmoja na ofisa kilimo mmoja, watakaa ukumbini Jumapili mbili mfululizo na wazazi na vijana wao. Lazima iwe mapema, kwa sababu dirisha la kubadili machaguo kwenye mtandao hufunguliwa kwa muda mfupi kabla ya upangaji, na wazazi wengi husikia habari zake likiwa limefungwa. Pia tumeandika kwa idara ya elimu ya jimbo kuhusu karakana. Tunajua mahali ambapo chuo cha ufundi cha Kanisa na sekondari ya Kanisa vinapakana, ukuta kwa ukuta. Karakana ina meza nusu tupu, sekondari inalalamika haina pa kuanzishia amali, na kati yao pana geti lenye kufuli.

Yule mama tulimjibu hatimaye. Tulimwita na binti, tukamuuliza binti kwanza, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya, na tuseme kweli hata sisi siku ya kwanza hatukulifanya. Alisema anataka uuguzi, lakini anataka kuufikia kwa shahada, na kwamba yuko tayari kwa njia yoyote isiyomfanya mama yake akope. Tulipiga hesabu mezani: chuo cha kulipia miaka mitatu, au bweni la Serikali chini ya miaka miwili kisha kuomba mkopo. Tulimweleza pia bila kumficha kwamba CBG haina Fizikia, hivyo asome vigezo vya programu anayoitaka kabla ya kupanda basi. Alivisoma, akatuletea daftari aliloviandika. Amekwenda kidato cha tano. Mjomba alinuna wiki moja, kisha akanunua godoro. WAWATA walitoa nauli.

Nyumbani amewaacha wadogo wawili. Wa kwanza alikuwa darasa la nne mwaka 2024, wa pili darasa la tatu. Kwa mfumo mpya wa elimu ya msingi ya miaka sita, darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka 2027, kwa hiyo watoto hawa wawili wa mama mmoja wataingia kidato cha kwanza siku moja, Januari 2028, na Mungu akijalia watagonga mlango wa kidato cha tano au wa chuo pamoja, mwaka 2032. Vivyo hivyo nchi nzima, rika mbili kwa mpigo. Mama ameshaanza kuweka shilingi elfu mbili kila juma katika kikoba cha Jumuiya. Katika mkutano wa mwisho wa wakuu wa shule za jimbo tuliuliza ni vitanda vingapi na meza ngapi za karakana tutakuwa navyo mwaka huo, na tuliombwa tulete swali hilo tena kikao kijacho. Tutalileta.